Picha Sita, Kuanzia Kulia

Bagamoyo,
mwezi 14 Rajabu, Januari 2025

Miza,

Assalaam alaykum. Nimeambiwa umemtuma Mikdad na gari lake la samaki aje anitazame kwa macho yake, akurudishie jibu kama bado nipo au watu wanakuficha. Nipo. Alinikuta barazani nachambua mchele, na nilimfukuza kwa sababu alikuwa anadondosha maji ya kamba juu ya sakafu niliyokwisha kupiga deki. Mzee mzima mwenye mvi, hajui kufunga ndoo. Muulize kama nilikuwa na sauti ya mgonjwa.

Waliyokwambia ni kweli. Mwezi wa Mfungo Nane kiharusi kilinipiga asubuhi, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi. Mkono wa kushoto ukaachia nazi, mguu wa kushoto ukawa si wangu. Nililala hospitali siku kumi na moja. Mkono umerudi. Mguu umerudi nusu, na hiyo nusu nyingine bado tunabishana. Mjukuu wangu Yasmini alikaa nami mwezi mzima, sasa amerudi Dar kazini, anakuja Jumamosi. Siku nyingine niko peke yangu na sioni ubaya.

Pale hospitali kuna binti anaitwa Vaileth. Kazi yake ni kuwafundisha watu wazima kutembea. Kuna watu wamesomea hilo, Miza. Amenipa karatasi yenye picha sita za mwanamke aliyevaa suruali, anafanya mazoezi. Haina maandishi wala namba, kwa kuwa nilimwambia shule sikwenda. Akasema, bibi, anza na ya kwanza, ukiiweza nenda ya pili, fanya mwenyewe kila siku hata kama mimi sipo. Nimeanza. Naendelea vizuri.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Ile ahadi tuliyopeana tulipotoka eda, kwamba atakayetangulia ataoshwa na mwenzake, naiondoa. Tafuta mwanamke mwingine wa kukuosha. Saadani wapo, na wana mikono. Usiniulize kwa nini.

Usinipigie simu pia, sipokei. Andika, tena kwa herufi zetu za Kiarabu za chuo cha Kurani. Yasmini akiziona anadhani ni dua, anaibusu karatasi na kuirudisha mahali pake.

Kamba wakavu nimewapata. Wana mchanga.

Mayasa binti Sheha


Saadani,
mwezi 22 Rajabu

Bi Mkubwa, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka pale pa ndoo ya Mikdad. Mara ya pili sikucheka. Mara ya tatu niliikunja nikaenda kugeuza dagaa kwenye vichanja, nikageuza na waliokwisha kugeuzwa.

Ngoja nikukumbushe, maana naona kiharusi kimekuchukulia na mengine. Miaka kumi na tisa tulikuwa wake wa Zayed, na kumi na saba kati ya hiyo hatukupokezana hata chumvi. Nikikohoa ulikuwa unafunga dirisha. Alipofariki, wazee wakasema nyumba ni moja, eda ikaliwe chumba kimoja. Miezi minne na siku kumi, mkeka mmoja, nguo nyeupe, na wewe umenipa mgongo. Hadi wiki ya tatu ulipogeuka ukaniuliza kama na kwangu alikuwa akikoroma. Nikasema kama mashine ya kusaga. Tukacheka mpaka shangazi yake akaja kutugombeza kwamba wenye eda hawacheki.

Siku ya kutoka ukanishika mkono. Maneno yako ninayo kama yalivyo: "Mimi mwili wangu haujui mikono ya wageni, na sitaki iujue siku hiyo. Nikitangulia uje wewe. Ukitangulia, hata ukiwa mwisho wa dunia nitakuja nikuoshe."

Nikarudi huku kwa kaka zangu na ahadi hiyo. Nguo za Zayed ulichukua wewe, nyumba ulibaki nayo wewe, sikusema neno. Mimi nilibeba hiyo moja. Sasa unaniambia Saadani kuna wanawake wana mikono.

Nimekukosea nini? Ni hao kamba? Simu nimekupigia mara tisa na najua unaiona inalia.

Kama umekumbuka kunichukia, sema. Chuki yako naijua, nimekaa nayo miaka kumi na saba na haikuniua. Kimya chako ndicho nisichokijua.

Mdogo wako, kama bado,
Miza


Bagamoyo,
mwezi 2 Shaabani

Miza, mpumbavu wewe,

Kukuchukia ni kazi ya mwanamke mwenye miguu miwili. Mimi sasa ninao mmoja na nusu, ningeutoa wapi wakati huo.

Simu sipokei kwa sababu ya ulimi. Maneno yananitoka yamelowa, nayaburura kama kanga iliyoanguka majini. Wewe ulizoea kunisikia nikiyakata. Mikdad hakukwambia kwa sababu nilimfukuza kwa kumwonyesha mlango, sikufungua kinywa. Kwa kalamu bado ni mimi yule yule. Basi nisome, usinisikie.

Na haya mengine nakuandikia wewe tu. Yasmini hajui.

Karatasi ile. Picha ya kwanza, mwanamke amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, hashiki kitu. Nikasema bismillahi, nikasimama mbele ya mtungi nikainua mguu mzima. Huo mbovu ulinibeba sekunde moja. Nilianguka mimi na mtungi, maji yakanipitia mgongoni hadi kwenye nywele. Nilikaa pale sakafuni mpaka adhuhuri, kwa kuwa kuinuka sikuweza. Yasmini nilimwambia paka kavunja mtungi. Hatuna paka.

Kesho yake nikajaribu tena. Siku ya nne nikaacha kujaribu nikaanza kuzitazama picha zenyewe, moja baada ya nyingine, ndipo nikaelewa. Ya kwanza amesimama kwa mguu mmoja. Ya pili anatembea, unyayo mbele ya unyayo, kiganja ukutani. Ya tatu hatembei tena, ameshika ukuta anainua visigino. Ya nne ameshika meza, anaegemea mguu huu na huu. Ya tano anainuka kitini, au anakaa, sijui. Ya sita amekaa. Amekaa tu, anainua goti, mikono juu ya kiti. Baada ya hapo hakuna picha.

Binti wa watu ana adabu. Hakutaka kuniambia kwa mdomo, akanichorea njia yangu yote hadi mwisho wake. Mwisho wake kiti.

Kuosha maiti si kazi ya kitini, Miza. Unaijua. Unasimama, unainama, unamlaza mtu ubavu huu na huu, unaanzia kulia, unarudia mara tatu. Mwanamke wa picha ya sita hawezi. Nilikuondolea ahadi upate mtu mapema, usije ukawekwa pale kitandani ukinisubiri mimi, maji yanapoa na watu wanatazamana.

Nilikuwa nataka sana kuja Saadani. Nimeandika, sitaandika tena.

Picha zote sita nimekuchorea nyuma ya karatasi hii kama zilivyopangwa, usije ukasema natunga. Usinijibu kwa huruma. Nitaichana.

Mayasa


Saadani,
mwezi 6 Shaabani

Bi Mkubwa,

Mikdad anasubiri na barafu yake inayeyuka, naandika nikiwa nimesimama.

Unakumbuka mwaka ule nilipokwenda elimu ya watu wazima, na wewe ukaniita Miza Ngumbaro mbele ya wateja wa Zayed? Nilijifunza jambo moja pale ambalo leo nakurudishia. Maandishi ya shule hayaendi kama yetu. Sisi tunaanza kulia tunakwenda kushoto. Wao wanaanza kushoto wanakuja kulia. Na picha zao ni hivyo hivyo.

Karatasi umeisoma kinyume. Picha ya kwanza ni ya kiti. Mwanamke amekaa, halafu anainuka, halafu anashika meza, halafu ukuta, halafu anatembea. Korongo ndiye wa mwisho. Hakukuchorea unakokwenda kukaa, alikuchorea unakokwenda kusimama.

Nimecheka mpaka nimekaa chini, halafu nimelia, na kaka yangu ameniuliza nani kafa. Nikamwambia mtungi.

Anza kushoto, dada yangu. Na ahadi yangu nirudishie.

Miza


Bagamoyo,
mwezi 21 Shaabani

Miza Ngumbaro,

Sikukuamini. Nilingoja siku ya kliniki nikaipeleka karatasi kwa Vaileth, nikamwonyesha kwa kidole nilivyoifanya. Akajifunika mdomo. Halafu akaniuliza nimeanguka mara ngapi. Nikamwambia mbili. Ni nne.

Nilimwambia nawe nakwambia: kula ni kwa kulia. Kuvaa unaanza kulia, msikitini unaingia kwa kulia, hata maiti huanziwa kulia. Kila la heri maisha yangu yote nimelianza upande huo. Ningejuaje kwamba kupona kunaanzia kushoto?

Akaandika namba kubwa kwa wino mwekundu juu ya kila picha, na hizo nazijua.

Sasa nisikilize. Nimekitoa stoo kiti cha Zayed, kile cha mninga chenye mikono, alichokuwa akikalia dukani akiuza kanga. Kizito, hakitelezi, kimeegemezwa ukutani. Kila baada ya swala nafunga mlango. Kwanza nakaa, nainua goti, huku na huku, nahesabu kwa tasbihi. Wiki nzima nimefanya hilo tu, jambo la mtoto, na nikimaliza jasho linanitoka kama nimetwanga. Juzi nimekwenda ya pili. Unasogea ukingoni mwa kiti, miguu unairudisha nyuma kidogo, unainamisha pua mbele kama unayetafuta sindano sakafuni, ndipo unainuka. Siku zote mimi niliinuka na kifua mbele. Ndiyo maana sikuinuka.

Mara ya kwanza niliposimama bila kujivuta kwa meza wala mlango, mikono yangu ilikuwa pale alipozoea kuweka yake. Pamekuwa laini kwa kushikwa. Nikabaki nimesimama, sikutaka kukaa. Nilitamani kumwambia mtu. Siyo Yasmini, angenipigia makofi kama mtoto wa chekechea. Wewe.

Ulimi Vaileth anasema nisome kwa sauti. Nasoma barua zako. Ukuta unazijua zote.

Ahadi unayo. Lakini usife kwanza. Mguu haujawa tayari.

Mayasa


Saadani,
mwezi 25 Mfungo Mosi, Aprili

Bi Mkubwa, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Ramadhani imepita, Idi imepita. Idi nilipika bokoboko nikakuwekea sahani, nikaila mwenyewe siku ya pili.

Mvua imekata barabara. Mikdad alikaa wiki mbili hakuja, na alipokuja alisema mlango wako ulikuwa umefungwa kwa ndani na alikusikia ukizungumza peke yako. Nilimuuliza unasema nini. Akasema unahesabu.

Basi sijui uko kwenye picha ya ngapi, au kama umerudi kitini. Sikuulizi. Nakwambia ya kwangu tu. Tembo wamekula mipapai yote miwili. Kaka yangu ameniongezea chumba kwa upande wa ua, kina kitanda cha kamba ambacho hakilaliwi na mtu. Mchanga wa mlangoni mvua imeuchimba, umekuwa laini, mguu wangu mimi mzima unazama mpaka kifundoni. Mwenye mguu mwingine asingeweza.

Nimeandika hivyo ili nisikungoje. Halafu nimefagia chumba.

Miza


Bagamoyo,
mwezi 20 Mfungo Tatu, Juni

Miza,

Sikujibu kwa sababu karatasi zilinichosha. Nilitaka jibu liwe miguu.

Alhamisi nakuja. Mikdad amekubali, nitakaa mbele, na amenunua ndoo yenye mfuniko. Yasmini amegomba, nimemwambia alipokuwa hajazaliwa nilikuwa nakwenda Saadani kwa miguu kununua chumvi. Si kweli, lakini hajui.

Picha ya tano ninaimaliza, kutoka jiko hadi mlango wa mbele, ukuta naugusa kwa kidole tu. Ya sita bado. Korongo ananishinda, nikihesabu nafika saba natafuta ukuta. Nimemwambia Vaileth nisipompata huyo ndege nitakufa bila yeye, akasema saba ni nyingi. Na kuhusu mchanga: jirani anajenga, amemwaga lori zima la mchanga mbele ya nyumba yake. Mwezi mzima kila baada ya alasiri napita juu yake kwenda na kurudi. Mafundi walinicheka siku mbili. Ya tatu wakaanza kunihesabia.

Sharti langu. Usije kunipokea garini. Kaa mlangoni kwako. Kutoka gari hadi mlangoni sijui ni hatua ngapi, lakini ni zangu. Nina fimbo. Nikiyumba usikimbie, nikianguka usilie, nitainuka, nimefundishwa kuinuka. Ukinishika mkono mbele ya watu narudi na gari hilo hilo.

Maji ya kuoga usiniwekee. Nitayapasha mwenyewe.

Mayasa


Saadani,
mwezi 7 Mfungo Nne, Julai

Bi Mkubwa wangu,

Mikdad anasema umefika salama na umemgombeza njia nzima, kwa mdomo. Alhamdulillah.

Nyumba imekuwa kubwa. Naweka vikombe viwili.

Kuna mambo matatu sikukwambia ulipokuwa hapa, maana ana kwa ana wewe hukatiza.

La kwanza. Zilikuwa hatua thelathini na moja. Ulisimama mara mbili, ukajifanya unatazama mipapai, wakati mipapai haipo. Nilikuwa nimeshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili ili nisikukimbilie. Kucha zangu ziko pale kwenye mbao hadi leo. Na ulipofika ukasema "shikilia fimbo," na sauti yako ilikuwa imelowa kama ulivyosema. Nilikuwa nimeingoja miezi saba.

La pili. Asubuhi ile ulipotoa majani ya mkunazi, yale ya kuoshea maiti, kwenye mkoba na kuniambia nijilaze kitanda cha kamba pale uani, nilijua unachotaka. Nilikubali haraka. Hakuna aliyeniosha tangu mama yangu. Ulinifunika kanga, ukaanza na bega la kulia, ukashuka, ukanigeuza ubavu kwa mkono wako ule wa kushoto ambao wanasema haujapona, ukarudi juu, mara tatu, husemi neno ila bismillahi. Nikakuuliza ndiyo nini hii, mimi bado hai. Ukasema najaribu mguu, na kafuri nimeacha nyumbani, hiyo ya siku yenyewe. Nilicheka. Lakini nilikuwa nafikiri: siku yenyewe sitasikia. Leo nimesikia. Kama huji siku hiyo, Mayasa, kama mvua imekata barabara au wewe umetangulia, mimi nimekwisha kuoshwa na yule niliyemtaka.

La tatu. Mzunguko wa pili nililalamika kwamba maji ni baridi, ukaacha, ukakaa ukingoni mwa kitanda, ukanigombeza kwamba maiti halalamiki. Maji hayakuwa baridi. Niliona mguu wako wa kushoto unatikisika, na nilijua hutakaa ukiambiwa ukae. Nisamehe uongo huo.

Mdogo wako,
Miza


Bagamoyo,
mwezi 15 Mfungo Nne

Miza,

Maji niliyapasha mimi, nikayajaribu kwa kiwiko. Nilijua si baridi.

Nilikaa kwa sababu ulitaka nikae, na kwa sababu kutoka pale ukingoni nilikuwa naona sikio lako, lina kovu dogo nyuma, miaka yote ile sikuwahi kulijua.

Hapa kiti cha Zayed bado kiko ukutani. Asubuhi nakikalia kabla sijainuka, natazama mlango. Korongo nimefika kumi na mbili. Nikiwa na mguu mmoja hewani natazama upande wa Saadani, Vaileth amesema nichague kitu cha mbali nikikazie macho nisianguke.

Wewe nawe uanze. Karatasi yangu nakutumia, namba za wino mwekundu ziko juu yake, hutakosea hata wewe. Una miaka sitini na sita na unainuka na kifua mbele, nilikuona. Inamisha pua. Mimi sitaki kuoshwa na mtu wa kuyumba.

Na usife kwanza.

Mayasa binti Sheha